Mkate Wangu Uliokwenda Witu

Swaleh mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi ukaitikia, na hali yako naijua maana uji umemaliza vikombe viwili. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika habari. Sasa hivi uko kwa fundi, unakaziwa spoku za baiskeli ya marehemu baba yako, na mimi nimekaa jikoni, mlango nimeurudisha, naandika kabla hujarudi. Kesho baada ya swala ya alfajiri utaondoka na msafara kwenda Lamu kwenye Maulidi. Wenzio watarudi, wewe utabaki huko kazini, upande wa bara. Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wa keria, chini ya pampu. Usiifungue hapa Shela ya kwetu Malindi. Ifungue mkishapita Gongoni, mkikaa kivulini kupumzika, na usimsomee mtu.

Usishangae mama yako kujaza karatasi zote hizi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwalimu wetu kule Mambrui alikuwa akiniita mimi nikaandike ubaoni, akawaacha watoto wa wakubwa wamekaa, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka hata na mtu anayesinzia. Barua za posa za nusu ya mtaa huu nimeziandika mimi, na hakuna hata moja iliyorudi na jibu la hapana.

Sitakwambia uvae kofia juani wala unywe maji. Mtu anayepima watu damu hospitalini anayajua hayo kunishinda mimi. Nimewaambia watu wote kwamba mwanangu ni daktari. Siku ile ulinirekebisha mbele ya jirani yetu Bi Khadija, ukasema, "Mama, mimi ni wa maabara tu." Bado nasema daktari. Uliposoma mpaka macho yakawa mekundu, ni mimi niliyekuwa nikikuamsha, basi cheo nitakutajia mimi.

Nataka kukwambia habari ya nyumba moja Witu. Unaijua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba unaijua. Lakini hujaisikia kutoka kwangu.

Wiki iliyopita simu yangu ilipozima, nilichukua yako nimpigie mteja wa mkate. Nikiwa nimeishika mkononi, ujumbe ukaingia. Umeandikwa: "Kaka, mama amekutayarishia chumba cha baba. Kutoka hapa mpaka kazini kwako ni mwendo mdogo kwa baiskeli." Jina lililo juu yake, Maimuna. Nikaiweka simu pale pale ilipokuwa. Nikakupikia samaki wa kupaka, ukala. Nikakuuliza, "Huko Lamu utakaa kwa nani, mwanangu?" Ukanitazama usoni ukasema, "Kwa mtu wa kazini, mama. Usiwe na wasiwasi." Kisha ukaomba wali mwingine.

Uso ule, Swaleh. Nimelala nao kitanda kimoja miaka kumi na tisa. Hautetemeki, haukwepi, na unaomba wali.

Sasa nisikilize. Baba yako alianza kwenda Maulidi ya Lamu kwa baiskeli kabla wewe hujazaliwa. Wazee wa Malindi na Mambrui walikwenda kwa miguu na punda, kijiji hadi kijiji, tangu zama za babu wa babu zetu. Baiskeli zilipokuja wakapanda baiskeli, lakini njia ni ile ile na adabu ni ile ile: anayekwenda Maulidi ni mgeni wa Mtume, haulizwi kabila, hafungiwi mlango. Baba yako alikuwa akirudi amekonda, mweusi kwa jua, na hadithi za ukarimu mpaka mtu analia. Huku wamechinjiwa mbuzi, huku wamepewa maziwa ya ngamia, huku mzee amewapisha chumba chake akalala barazani. Na kila mwaka alimalizia na Witu. Ati kuna mwanamke pale, jina lake Bi Zena, mpole, mcha Mungu, hawezi kumuona mtu wa Maulidi akapita bila kumwita.

Nikasema, mwanamke kama huyo hawezi kupokea wageni kutoka kwangu mikono mitupu. Nikampikia mkate wa sinia. Unaujua mkate wangu. Hapa Malindi wapo wanaopika mkate wa sinia, sikatai, na mimi ninao wangu. Mchele naloweka tangu jana yake, tui zito la kwanza, iliki naitwanga mwenyewe, na unapoiva juu unakuwa na rangi ya ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta. Niliufunga katika kitambaa cheupe, nikaufunga tena katika leso, nikamwambia baba yako, "Huu usikae juani. Na mwambie ni mkono wa Rukia."

Sinia ilirudi na samli. Chombo hakirudi kitupu, hiyo ni adabu, na ile samli ilikuwa nzuri, ya kunukia. Nilimgawia kila jirani kijiko. "Ya Witu hii," nawaambia, "kwa rafiki yangu." Nilikuwa sijawahi kumuona, lakini nilimwita rafiki yangu. Mwaka uliofuata nikapeleka mkate mkubwa zaidi. Mwaka wa tatu nikaongeza doti ya leso, na jina la leso nilichagua mwenyewe dukani kwa Mhindi, nikizifunua moja moja mpaka akachoka. Nilikuwa nimesimama juu ya miguu yangu miwili, nachagua maneno mazuri ya kumvisha. Miaka saba, mwanangu.

Bi Khadija ndiye aliyejaribu. Siku moja alikuja ananitazama nikifunga mkate, akaniuliza, "Rukia, huyo wa Witu mumewe ni nani?"

"Sijui. Labda mjane."

"Na hujauliza?"

"Nimuulize mume wangu habari za ndani za watu waliomlisha? Huo ndio uungwana?"

Akaikunja leso yake magotini, polepole, akasema, "Haya." Mimi nikamuona ana wivu. Nikamwambia kama anataka samli aseme. Hiyo nimeikumbuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia. Mwanamke amekuja na ukweli mpaka mlangoni kwangu, nikamrudisha na kijiko cha samli.

Wewe ulipofika miaka minne nilikuacha kwa bibi yako Mambrui, nikasema mwaka huu na mimi naenda. Baiskeli naijua tangu utotoni, baba yangu alikuwa akinituma na madafu mpaka Malindi, buibui nimelikunja, na wanaume wa njiani nimewapita wengi. Nilipotangaza, ungewaona watu wa msafara. Kiongozi wao wakati ule alikuwa Mzee Athmani, huyu huyu atakayekuongoza wewe kesho. Akaja barazani na wenzake watatu.

"Rukia, njia ile ina simba."

"Mtaliwa nyinyi kwanza. Mimi sina nyama."

"Na joto la Garsen?"

"Nasimama kwenye tanuri kila siku, Mzee Athmani. Garsen itaniona mimi."

"Wanawake hawajawahi kwenda kwa baiskeli."

"Basi mwaka huu mtasema wamewahi."

Nilidhani wanaona haya nitawashinda mwendo. Baba yako alikuwa amekaa pembeni anapaka mafuta mnyororo. Nilipomwambia, "Nataka kumshukuru Bi Zena kwa mkono wangu," akasema, "Mwaka huu huenda tukalala msikitini, watu ni wengi." Nikamwambia watakaotaka msikiti walale msikitini, mimi nalala kwa rafiki yangu.

Usiku wa kwanza tulilala upande wa Marereni, kwa mama mmoja wa Kigiriama, Mama Kadzo. Nyumba yake iko pembeni ya barabara, na shamba la mihogo nyuma. Ni Mkristo, ana picha ya Bikira Maria ukutani, na alituwekea mikeka tuswali chini yake. Mmoja wetu akamuuliza kwa nini anajisumbua na watu wasio wa dini yake. Akasema, "Nyinyi mwaenda kwa wenu, na njia yapita kwangu. Nikiwafungia mtapita wapi?" Alinilaza kitandani kwake, yeye akalala chini. Hakutaka kitu, hakutuma kitu, hakuniuliza habari za mume wangu. Nakutajia huyu kwa sababu ukarimu wa kweli nimeuona na naujua ulivyo. Yupo hai. Ukipita simama, mwambie wewe ni wa Rukia. Ameshakula mkate wangu, na yeye hakuupa maana nyingine isipokuwa mkate.

Siku ya pili tukafika Garsen. Watu wa mto walitupa samaki na ndizi za kupika. Nilitangulia njia nzima. Siku ya tatu ndiyo barabara ya vumbi ya kwenda Witu, na hapo, Swaleh, ndipo nilipopaswa kuelewa. Tulikuwa watu kumi na moja. Tulipoanza kuiona minazi na miembe ya Witu, Mzee Athmani akasimama. "Nina pancha." Mbele kidogo, mwingine pancha. Mwingine mnyororo umetoka. Mwingine ati goti. Mpaka tunaingia mjini, kati ya watu kumi na moja tumebaki wawili, mimi na baba yako. Nikacheka. Nikamwambia, "Wenzio hawa, hata kama wameoa, hakuna mwanamume hapa." Hakucheka.

Alikuwa amechoka, jua limemwingia kichwani, na nadhani hata yeye mpaka wakati ule hakujua atafanya nini. Alikuwa na mpango, bila shaka. Kunipeleka nyumba nyingine, kumtuma mtu mbele, sijui. Lakini miguu yake ilikuwa imezoea. Tulikata kona mbili, akashuka kwenye nyumba ya makuti yenye baraza safi na jasmini mlangoni, akaiegemeza baiskeli ukutani bila kutazama, kwenye alama ya tairi iliyokwisha kujichora kwenye chokaa.

Mimi nikasimama nje, nikavuta pumzi nipige hodi kwa sauti nzuri, maana ni mara ya kwanza. Na baba yako akaingia.

Hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akainama pale penye boriti fupi kama mtu asiyehitaji kuiona, akaingia. Mgeni wa Mtume, miaka saba mgeni, na hakupiga hodi. Mimi nikabaki na neno langu mdomoni.

Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka uani. Haikusema karibu. Ilisema, "Umechelewa."

Mtu hamwambii mgeni amechelewa. Wewe umekulia pwani, unajua. Neno lile mimi nilikuwa nikimwambia kila jioni. Nilijua kabla sijaona kitu kingine chochote. Yule mtoto wa kike wa miaka miwili aliyetoka akakaa juu ya mguu wa baba yako, huyo alikuja baadaye. Alikuwa na paji la uso lako.

Bi Zena akatoka anajifuta mikono, akaniona. "Na tuna mgeni. Karibu, dada."

"Mimi ni Rukia wa Malindi."

Nilitegemea aogope, akimbie, aangushe kitu. Mwanamke yule alinikumbatia akaanza kulia. "Dada Rukia. Umekuja mwenyewe." Akanishika mkono, akaniingiza, akanikalisha kwenye kiti cha pekee, akaleta bakuli na birika, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Baba yako alikuwa uani, anamimina maji kichwani, muda mrefu sana kwa mtu mwenye kichwa kimoja.

"Nimekuombea kila swala," akaniambia. "Wake wakubwa wa wenzangu walikuja na matusi. Wewe ulileta mkate."

"Mkate ulikuja na maneno gani?" nikamuuliza.

Akanitazama. Hakuwa mwanamke mjinga. "Alisema ni ridhaa yako. Mjomba wangu alikuwa amekataa kuniozesha kwa mtu mwenye mke asiyejua. Bakari akaja na mkate, umefungwa kwa kitambaa cheupe, akasema huu ni mkono wa Rukia. Mjomba akala, akasema basi. Hukujua, dada?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo siwezi kulieleza vizuri. Ningesema sikujua. Lilikuwa neno moja tu. Yeye pia alikuwa amedanganywa, nilimuona usoni. Lakini nilikuwa na vumbi la siku tatu, nimekaa katika nyumba ya mwanamke mdogo kuliko mimi, na leso niliyoichagua mimi iko kiunoni mwake. Nikasema, "Nilijua." Nikasema tena, "Nilijua, mwenzangu. Nimekuja kukuona tu."

Ili nisionekane mjinga, nilimpa ridhaa ambayo baba yako alikuwa ameiiba. Nikaifanya kweli kwa mdomo wangu.

Dini imemruhusu, sijakataa, na sikulia kwa sababu ya mke wa pili. Majirani zangu wamekaa uke wenza na dunia haikusimama. Nililia kwa sababu ya mkate. Kuamka usiku kukuna nazi, kusimama motoni mgongo ukiuma kwa mimba yako, nikisema hiki ni kitu safi nakipeleka kwa watu wa Mungu, kumbe napika posa.

Kesho yake kutoka Witu mpaka Mokowe nilikuwa mbele ya wanaume wote, na pancha zao zilikuwa zimepona. Mzee Athmani alinifikia mara moja, anahema. "Rukia, punguza mwendo. Maulidi hayaanzi bila sisi."

"Tairi yako imeziba, Mzee?"

"Imeziba."

"Na mdomo?"

Akarudi nyuma kwa wenzake, na mpaka leo akipita hapa ananisalimia akitazama ukuta. Wote tisa walijua. Walikula mkate wangu barazani kwangu kila mwaka kabla ya safari, wakanisifu, wakaniombea dua. Hao ndio mnaofuatana nao kesho, wao na watoto wao. Ni watu wazuri. Ukianguka watakubeba. Lakini ujue hicho pia.

Tulipokuwa tunangoja chombo cha kuvukia pale gatini, nilimuuliza baba yako swali moja tu. "Mkate wangu, Bakari?"

Akasema, "Mimi sikusema uongo. Niliwaambia ni mkono wako, na ni kweli. Wao wakafahamu wanavyofahamu. Mimi nilinyamaza tu."

Nilirudi Malindi, majirani wakanijia. "Haya, tueleze, Witu kukoje?" Nikawaambia nyumba ile ni ya ukarimu mtupu, nimenawishwa mikono kama bibi harusi. Bi Khadija alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema hata haya. Na wewe ulipokuwa mkubwa ukauliza baba anakwenda wapi miezi mingine isiyo ya Maulidi, nilikuambia anakwenda kwa marafiki wa safari. Uso mkavu. Ukitaka kujua ulijifunza wapi, usimlaumu marehemu peke yake.

Sasa nikueleze lile la mwisho, kisha nikuache upande baiskeli yako.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku ya pili ya matanga nyumba ilikuwa imejaa wanawake mpaka jikoni. Mimi niko ndani ya eda, nimejifunika. Nikasikia sauti mlangoni. "Hodi wenyewe." Niliijua. Bi Zena alikuwa amekuja kuhani, amemshika binti yake mkono, vumbi la njia nzima miguuni. Mumewe amezikwa na yeye hakuwahi hata kuona jeneza. Hakuna aliyemwambia isipokuwa uvumi wa barabarani.

Wanawake wote wakanigeukia mimi. Nikaitikia kwa sauti ya kusikika nje, "Wenyewe hawapo."

Nyumba ina watu hamsini. Alisikia pumzi zao. Akangoja kidogo, akasema, "Basi tumehani," akageuka na mtoto wake. Aliyeninawisha mikono kwa mikono yake, sikumpa hata maji ya kunywa.

Nilidhani walirudi hivyo hivyo. Juzi, baada ya kuusoma ule ujumbe, nilikwenda kwa Bi Khadija. Nilimwambia, safari hii sema yote. Akasema wewe uliwafuata. Ulitoka mlango wa nyuma na jagi la maji na gilasi moja, ukawapata karibu na barabara, ukakaa nao mpaka gari likaja. Miaka kumi na moja anajua. Wewe miaka kumi na moja una dada, mnaandikiana, umempeleka shule ya upili kwa ushauri wako, umeenda kwenye mahafali yake ukaniambia unaenda semina Kilifi. Mimi ndani ya nyumba hii napika, nakusifu barabarani, na watu wanasema, "Haya."

Nimekasirika, Swaleh. Sitaki usome hapa ufikiri mama ameshapoa. Kwa maji yale sina la kusema, ulifanya nililopaswa kufanya mimi, na nikifikiria lile jagi najisikia fahari na nataka kukuchapa wakati mmoja. Lakini hayo mengine ya baadaye yameniuma kuliko ya baba yako, kwa sababu yeye nilimkuta mtu mzima. Wewe nimekulea.

Nimefikiri siku saba nikuzuie. Ni kazi rahisi. Ningeshika kifua mbele yako ungeshuka baiskeli, ungepiga simu huko kazini, ungekaa. Jana nilikaribia. Nilishika kifua kweli, mbele ya kioo, kujaribu. Nikajiona. Nikarudi kukuna nazi.

Kwa hiyo nenda. Kaa Witu. Chumba cha baba yako ni haki yako na yule binti ni damu yako. Salamu zangu kwa Bi Zena usimpe, sijafika hapo, na sijui kama nitafika. Lakini kuna kitu kimoja nataka umwambie kwa niaba yangu, na useme siku ya kwanza, kabla hujavua viatu. Mwambie mama alisema kwamba siku ile hakujua. Mwambie alidanganya kwa haya. Yule mwanamke ameishi miaka yote akiamini nilimkaribisha kisha nikamfukuza, na bila shaka amejiuliza alinikosea nini. Hakunikosea. Hilo nililificha kwa ajili ya heshima yangu, na heshima yenyewe sikuwahi kuipata.

Na wewe sikuombi ahadi. Baba yako alikuwa na ahadi nyingi nzuri. Nitakachofanya ni hiki. Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi, wakishatoka msikitini, nitakupigia simu. Nitakuuliza uko wapi. Usiseme kwa mtu wa kazini, usiseme mtandao unasumbua. Sema, "Niko kwa Bi Zena, mama." Mimi nitanyamaza kidogo, uningoje. Halafu nitakuuliza umekula nini, na wewe utaniambia alichopika, sawasawa, bila kupunguza. Ukisema kilikuwa kitamu nitakata simu. Usipige wewe. Nikishatulia nitapiga mwenyewe.

Mama yako,
Rukia